Nilitia Sahihi Kabla ya Kuiona Grisi

Usiku mzima sikulala kwa sababu ya pini moja ya eskaveta. Jioni yake nilikuwa nimebana pampu ya grisi mara nane kwenye pini hiyo, nikihesabu kwa sauti. Nilifuta mikono na kutia sahihi kwenye kadi. Nilipofika chumbani kwangu Katubuka na kuvua viatu, ndipo swali likanijia: ile grisi niliyoiona ukingoni mwa pini ilikuwa mpya, iliyopita ndani na kutokea upande wa pili, au ilikuwa ya jana yake? Nilikuwa nimepitisha kitambaa kabla sijaitazama vizuri. Asubuhi, watu wawili wangesimama ndani ya mtaro, na juu yao kalavati la zege lingening'inia kwenye mashine iliyoshikwa na pini hiyo.

Nitalifikia hilo. Kwanza niwaeleze ninyi mnaokuja kwa nini ninaandika. Karakana yetu ya Kidahwe ina desturi kwamba kila anayeondoka anaandika kurasa chache katika daftari la jalada gumu linalokaa juu ya kabati la spana. Karibu wote walioandika humu kabla yangu walikuwa wastaafu. Mimi nina miaka ishirini na minane, mradi umekwisha na mkataba wangu nao umekwisha. Sitapewa mabati wala saa ya ukutani kama wao. Lakini desturi haikutaja umri, na nimeisoma mara kadhaa kuhakikisha.

Siku ya kwanza nilifika kwa bodaboda, nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi soksi. Kwenye begi nilibeba kompyuta, na ndani yake jedwali nililolitengeneza kwa wiki mbili kutokana na vitabu vya mashine zote za karakana. Kila sehemu ya kupakwa grisi ilikuwa na safu yake na rangi yake. Nilikuwa na hofu kwamba wataniuliza swali nisilolijua, kwa hiyo nilijaribu kuyaweka majibu yote humo kabla hawajauliza.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Bukuru, mtu mfupi mwenye viganja vipana, ambaye alivaa koti la mvua hata wakati wa jua kwa sababu, alisema, mafuta hayachagui msimu. Nilimsalimu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye injinia mpya? Umekula?"

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Akanivutia kiti, nikafungua jedwali langu.

"Hii ya kijani ni nini?"

"Kila saa kumi za kazi, Mzee. Pini za baketi na za mkono."

"Hii ya njano?"

"Kila saa hamsini. Ile duara kubwa ambayo mashine inazungukia."

"Na ya matope iko wapi?"

"Ya matope?"

"Mashine iliyochimba udongo mkavu hapa Kidahwe, na mashine iliyoshinda bondeni Luiche baketi ikiwa ndani ya maji. Zote mbili zimefanya saa kumi. Jedwali lako linazijuaje?"

Rama, opareta wa eskaveta, alikuwa amekaa juu ya tairi akinywa chai. Alicheka mpaka chai ikampalia. "Mzee, mwache dada wa watu. Jedwali lake lina rangi nzuri kuliko kanga za bibi yangu." Rama ni mtu wa Ujiji. Bibi yake alikuja kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kila kizuri duniani Rama hukipima kwa kanga zake. Nilitamani kurudi mjini kwa bodaboda ileile.

Wiki hiyo Mzee Bukuru hakuniruhusu kufungua kompyuta. Alinipa kitambaa na pampu ya grisi yenye mpini uliolainika kwa miaka ya kushikwa, akanifundisha mambo ambayo sasa nayafanya hata nikiwa na homa. Kwanza mashine ilaze baketi chini, izimwe, na ufunguo uwe mfukoni mwako, si mfukoni mwa opareta. Kisha futa nipeli, kile kichuchu kidogo cha chuma ambacho grisi huingilia, kwa sababu usipofuta utasukuma mchanga ndani kwa mkono wako mwenyewe. Bana pampu taratibu mpaka grisi mpya itokeze ukingoni mwa pini. Hapo simama. Usiifute iliyotokeza. Ile pete ya grisi ndicho kifuniko, inazuia mchanga na maji.

Hilo la mwisho ndilo lililowashinda wengi. Hapa kwetu, wageni wakitarajiwa kuja kuona kazi, mashine huoshwa na kufutwa zing'ae, na pete zote za grisi huondoka na kitambaa. Wageni huona mashine safi. Pini huona mchanga. Mzee Bukuru alikuwa akisubiri msafara uondoke, kisha anachukua pampu na kuzipaka upya pini zote bila kusema neno, huku akipumua kwa nguvu puani.

Kuhusu mara ngapi, jibu lake lilikuwa refu kuliko safu zangu. Pini za baketi na mkono, kwenye udongo mkavu, mara moja kwa siku. Kwenye tope, mchana na jioni. Baketi ikishinda majini, kila inapotoka kupumzika, na jioni lazima, hata kama kitabu kinasema bado. Watu hupenda kupaka asubuhi kwa sababu mikono bado ni safi. Lakini pini iliyolazwa na maji inalala na kutu, na grisi ya jioni ndiyo inayoyasukuma maji nje wakati bado kuna joto. Kwenye trekta la maji, viungo vya shafti ya nyuma inayozungusha pampu hupakwa kila asubuhi, maana vinazunguka siku nzima. Ekseli ya mbele inaweza kusubiri wiki, ila trekta likizama matopeni isisubiri. Ile duara kubwa ya eskaveta inataka kidogo tu. Ukiijaza kwa bidii, grisi inasukuma nje sili, ile mipira inayoizuia isivuje, na umeiharibu kwa kuipenda mno.

Niliandika yote. Halafu nikaanza kuogopa jambo jipya: kwamba ninapaka kidogo mno, au kupita kiasi.

Mwezi wa tatu nilifanya kosa langu la kwanza kubwa. Tulikuwa tunavunja mwamba kando ya barabara ya Kasulu, na eskaveta ilifungwa nyundo ya kuvunjia miamba badala ya baketi. Nyundo hiyo inataka grisi kila baada ya saa mbili, na ni lazima ncha yake iwe imekandamizwa ardhini, ili grisi ishuke kuizunguka. Mimi niliipaka ikiwa inaning'inia hewani. Niliona naokoa muda. Grisi ikajaa juu ya ncha, na Rama alipopiga pigo la kwanza sili zikapasuka, mafuta yakamwagika juu ya mwamba kama mchuzi.

Nilikwenda kwa Mzee Bukuru nikiwa nimeshapanga kichwani barua ya kuacha kazi, pamoja na tarehe.

"Mzee, nimeiua nyundo."

"Imekufa au imeumia?"

"Sili."

"Basi imeumia. Lete kadi."

Kila mashine ina kadi yake ya grisi, inaning'inia ndani ya kibanda cha opareta. Anayepaka anaandika saa na kutia sahihi. Akanipa kalamu. "Andika: ilipakwa vibaya, ncha ikiwa hewani."

"Kila mtu atasoma."

"Ndiyo kazi ya kadi. Mwana wanje, mwanangu, kadi si barua ya kuomba kazi. Haipo ili upendwe. Ipo ili mtu wa kesho ajue anakaa chini ya nini."

Niliandika. Herufi zilipinda hata mwandiko wangu ukafanana na wa mtu mwingine, jambo lililonifariji kidogo.

Kitu cha mwisho alichonifundisha ni kushika pini. Mashine ikizimwa, aliweka kiganja kwenye kila pini, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesalimia msibani. Pini yenye grisi inakuwa vuguvugu. Pini kavu inachoma. Na kwenye kichwa cha kila pini alikuwa amechora mstari mweupe wa rangi, ukianzia kwenye pini na kuendelea kwenye chuma cha mkono. Pini haitakiwi kuzunguka, kuna bolti inayoizuia. Ikikosa grisi inashikana na bushi yake, lile bomba la chuma inamopita, inaanza kuzunguka nayo, inakata ile bolti, halafu inatembea kidogo kidogo kutoka nje. "Mistari miwili ikiachana," alisema, "usimwulize mtu. Simamisha."

Alistaafu mwaka uliofuata, akarudi kwao karibu na Kasulu kushughulikia michikichi yake. Pampu aliniachia mimi. Katika daftari hili ameandika mstari mmoja tu: Shikeni pini. Niliusoma nikaona ameninyima, kwa sababu nilikuwa na maswali arobaini.

Kazi ya Ujiji ilikuja msimu ule ziwa lilipopanda. Tulitakiwa kulaza makalavati ya kupeleka maji ya mvua ziwani, na kipande cha mwisho cha mtaro kilikuwa ufukweni kabisa, ambako maji yalikuwa yameshaingia. Rama alichimba siku nne baketi ikizama na kutoka, ikizama na kutoka. Meneja wa eneo lile, Deus, si mtu mbaya. Anatembea haraka na kuongea haraka, na saa yake ameivaa upande wa ndani wa mkono ili aitazame bila wewe kujua. Alitaka makalavati mawili ya mwisho yalazwe siku ya tano, kabla mvua haijarudi na kuujaza mtaro tope.

Jioni ya siku ya nne nilipaka grisi. Kwenye pini inayounganisha baketi na mkono, pampu ilikuwa ngumu. Nilibana mara nane, na grisi nyingine ikanitokea vidoleni kupitia mdomo wa pampu. Deus alikuwa ananiita niangalie trekta la maji. Nilipitisha kitambaa, nikaona kitu kinang'aa ukingoni, nikatia sahihi. Nimeshawaambia jinsi nilivyolala.

Alfajiri, kabla ya kutoka, nilimpigia Mzee Bukuru.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi ni pini. Sema."

Nikamweleza. Nikamsikia jogoo wake akiwika.

"Uliishika?"

"Niliishika, Mzee. Ilikuwa baridi."

"Ilikuwa imetoka wapi?"

"Ziwani."

"Hata jiwe la jikoni ukilitia ziwani litapoa. Mkono wako haukukwambia kitu. Mstari ulisemaje?"

"Sikuuona. Kulikuwa na tope."

Nilisubiri aniambie la kufanya. Nilikuwa nimempigia kwa ajili hiyo tu, ili uamuzi uwe wake. Alisema, "Mimi niko Kasulu, mwanangu. Siuoni mstari ule," akanitakia kazi njema na kukata.

Njiani kuelekea Ujiji nilijipangia hoja. Kama pini ni nzima na nimesimamisha kazi, mvua ikaingia mtaroni, nitakuwa yule injinia aliyeogopa tope. Kama si nzima na nikanyamaza, basi. Hoja ya pili sikuweza kuimalizia sentensi yake. Nikaamua nitafika mapema, nitaufuta mstari kabla mashine haijawashwa, na hakuna atakayejua kwamba nilikuwa na shaka. Nilifurahishwa sana na mpango huo.

Nilipofika, mashine ilikuwa imeshawashwa. Deus alikuwa amewaita watu saa kumi na mbili. Kalavati lilikuwa limefungwa mnyororo na kunyanyuliwa, na ndani ya mtaro, maji yakiwafika kwenye mapaja, walisimama Hamza na mwenzake Bosco, mikono juu, tayari kulielekeza. Hamza alikuwa anamtania Rama kwa sauti.

"Shusha taratibu, Rama! Mimi bado sijaoa!"

"Na nani atakutaka na miguu hiyo? Sogea kushoto!"

Mkono wa mashine ulikunja kidogo, na nikasikia mlio. Mfupi, mkavu, kama mlango wa stoo. Nilimtazama Rama. Alikuwa akitazama kalavati.

Nilimkimbilia Deus. "Naomba tusimame. Nataka kuangalia pini ya baketi."

"Sasa hivi? Kuna nini?"

"Sina uhakika kama grisi iliingia."

Akageuza mkono akatazama saa. "Injinia, nilipita kibandani asubuhi nikasoma kadi. Jana saa kumi na moja jioni, pini zote. Sahihi ya nani ile?"

"Yangu."

"Sasa ulitia sahihi bila kupaka?"

"Nilipaka."

"Basi imepakwa."

"Sijui."

"Hujui, au una wasiwasi? Maana wasiwasi wako naujua, dada yangu, wiki iliyopita uliniamsha kuniuliza kuhusu tairi la akiba. Dakika kumi tu hili liko chini. Kisha uiangalie siku nzima."

Alisema kweli kuhusu tairi. Nimekuwa na wasiwasi na vitu vingi ambavyo vilikuwa vizima, na katika maisha yangu yote sijawahi kujua tofauti ya hofu inayojua na hofu inayojisumbua tu. Nilisimama pale nikiitafuta tofauti hiyo. Kalavati lilikuwa linashuka. Hamza alilishika ukingo. Mlio ukaja tena.

Nikaona kwamba sikuhitaji kuijua. Kilichohitajika ni kujua kama niliiona grisi, na jibu lake nilikuwa nalo tangu jana. Sikuiona.

"Hamza! Bosco! Tokeni mtaroni!"

Walinitazama, kisha wakamtazama Deus.

"Tokeni! Tokeni juu, sasa hivi! Rama, usishushe! Shikilia hapohapo!"

Nadhani ni sauti yangu iliyowatoa. Sijawahi kupiga kelele kazini, na Bosco alitoka majini kama mtu aliyeona nyoka, akimvuta Hamza kwa kizibao. Walipokuwa juu wote wawili, nilimwashiria Rama azungushe polepole na kuliweka kalavati kwenye nchi kavu, kisha alaze baketi. Deus alikuwa anasema kitu nyuma yangu. Rama alizima mashine, akateremka na kunipa ufunguo bila kuombwa.

"Umeusikia na wewe?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Tangu lini unausikia?"

"Jana mchana. Nilidhani ni mchanga."

Nilipiga magoti nikaifuta pini kwa kitambaa, halafu kwa kiganja. Mstari mweupe kwenye pini ulikuwa unatazama juu. Mwenzake kwenye mkono wa mashine ulikuwa unatazama ziwani. Bolti haikuwa na kichwa, na pini ilikuwa imetoka nje upana wa vidole viwili. Nipeli ilikuwa imeziba mchanga uliokaza kama saruji. Grisi yangu ya mara nane haikuingia hata tone, yote iliishia vidoleni.

Deus aliinama akatazama. Alivua kofia ngumu, akaivaa tena. "Hii ingemaliza dakika kumi?" aliuliza.

"Sijui," nikasema, na safari hii hakuniuliza zaidi.

Hamza alikuwa amekaa juu ya kalavati akikamua suruali yake. "Injinia, nimeingia kwenye tope lote hili bure," alisema, lakini midomo yake ilikuwa myeupe.

Mlangoni mwa kibanda cha Rama kadi ilikuwa inaning'inia, na sahihi yangu nzuri ya jana ikionekana kutoka mbali. Ningeweza kuandika chini yake kwamba pini imekutwa na hitilafu asubuhi. Ingekuwa kweli, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Rama alikuwa ananitazama, na Deus pia.

Nilipanda, nikaishusha kadi, nikaipiga sahihi yangu mstari mmoja, ulionyooka, ili iliyokatwa iendelee kusomeka. Pembeni niliandika: Haikuingia. Nilitia sahihi kabla ya kuiona grisi. Nikaandika jina langu lote, nikairudisha kadi kwenye msumari wake, upande wenye maandishi ukitazama nje.